Sauti Mbili Kwenye Kona Moja

4 Machi

Kwako shemeji,

Pokea salamu, na kama mikono imejaa vitambaa, ziweke mezani utazipokea ukimaliza kushona. Hali yako? Kifua kile cha vumbi la pamba kimetulia? Huku tuko wazima. Dada yako mzima, ila miguu inamvimba akisimama sana. Yuko hapa nyuma ya bega langu anahakikisha simwandikii mwanamke mwingine. Mimi ni mzima kupita kiasi, majirani wanalalamika.

Najua umeuona mwandiko kwenye bahasha ukataka kuitupa. Usiitupe, karatasi ni nzuri. Nimepewa na meneja wa jengo la ghorofa kumi na nne, ambaye lifti yake inanitegemea mimi kama mtoto mchanga. Nikipata mafua mimi, mawakili wanapanda ngazi. Ningepiga simu, lakini simu yako ikiona namba yangu inajikata yenyewe, sijui ni maajabu gani ya mtandao. Miaka miwili sasa mtandao mbaya.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Binti yangu Sindano anarudi ulingoni.

Usiruke kwenye kiti. Mimi nimeruka kwa niaba yetu wote, nikagonga taa. Taya limepona, daktari amelibonyeza kila upande akasema lina nguvu kuliko la kwake. Ana miaka ishirini na mbili, haombi ruhusa, anatoa taarifa. Pambano ni tarehe 20 Juni, raundi nne, na ni hukohuko kwenye mji wako. Mpinzani wake ni mrefu, mikono kama mapazia.

Sasa shemeji, mimi kwa kushambulia unanijua. Nimepigana nchi saba, na katika hizo saba, tano bado wananisema. Lakini kujilinda sikujifunza, sikuwahi kuona haja, na uso wangu ndio cheti changu. Pale chini ya jengo tunapofanyia mazoezi tulikuwa kocha mmoja mwenye vichwa viwili: wewe kushoto na kujilinda kwako, mimi kulia na ngumi zangu. Bondia anapata "ziba" sikio hili, "tupa" sikio lile, anatoka mtu kamili. Ulipoondoka ukaondoka na nusu ya mtoto. Nusu niliyobaki nayo inapiga vizuri sana na inapigwa vizuri sana.

Ile siku ya taya hatuna haja ya kuirudia. Kelele zilikuwa nyingi ukumbini. Wewe ukasema "rudi", mimi nikasema "piga", mtoto akasimama katikati kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Ngumi haikumsubiri akumbuke. Ni bahati mbaya, imepita.

Njoo. Au kama huji, andika anachotakiwa kufanya, nitamfundisha mimi. Kusoma najua. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kwa heshima.

Ni mimi shemeji yako

29 Machi

Shemeji,

Salamu. Kifua kimetulia. Mwambie dada aloweke miguu kwenye maji ya chumvi na asisimame kukusikiliza.

Simu si mtandao, ni mimi. Kwenye simu unaongea juu ya maneno yangu. Kwenye karatasi huwezi.

Kelele hazikuwa nyingi. Watu walikuwa wamenyamaza, hata feni ya ukumbini nilikuwa naisikia. Nilisema "rudi". Halafu wewe ukasema "piga", kwa nguvu. Sijawahi kukuuliza, na nilihama ili nisikuulize, lakini kwa kuwa umeanza wewe: ulinisikia kabla ya kusema, au hukunisikia?

Siji. Ila mtoto ni wa dada yangu, kwa hiyo fanya hivi. Funga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, usawa wa bega. Apite chini yake kwa kukunja magoti. Kichwa upande huu wa kamba, hatua, kichwa upande ule, hatua. Mbele, kisha kinyumenyume. Asipinde kiuno, asitazame sakafu. Kitambaa kilichokunjwa abane kwapani, upande wa mkono wa nyuma. Kikianguka, kiwiko kimefunguka na mbavu ziko wazi. Dakika tatu, mara sita. Kwa wiki mbili asipige kitu chochote.

Shemeji yako

9 Aprili

Kwako shemeji, fundi wa mafundi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana habari niliyonayo inahitaji moyo wenye afya. Dada yako ameloweka miguu, amepona, sasa ananifukuza kwa kasi zaidi. Ahsante sana kwa hilo.

Shemeji, umezaa! Mimi nimezaa, lakini kwenye kamba umezaa wewe. Nilifunga siku ileile nilipopata barua, usawa wa bega kama ulivyosema, nikaikaza kwa fundo la lifti ambalo halifunguki hata kwa maombi. Mtoto akaingia chini. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Haikumgusa! Siku ya pili, haikumgusa. Leo ni siku ya tisa, kamba haijagusa hata unywele! Nimemwita mwenzake wa mazoezi, yule dada wa zimamoto mrefu, bondia mzoefu kabisa, ajaribu. Ikamkwaruza usoni mara nne, akaniambia maneno ambayo sidhani wanafundishwa zimamoto. Nikamwambia kipaji hakiazimwi, mama.

Kitambaa nacho kimebanwa hadi kimeanza kuchakaa. Kupiga hapigi. Siku tisa hizi nimeona mwenyewe anavyotazama begi la kupigia ngumi, kama mtu aliyefunga anavyotazama sufuria. Mimi pia sipigi. Nimekuwa nazunguka tu huku chini nikigusa vitu. Nimepaka mafuta milango yote ya lifti, hata ile isiyolia.

Kuhusu lile swali lako, ukumbi ulikuwa mkubwa, mambo yalikuwa mengi, sasa nani anakumbuka feni. Tuelekeze nguvu mbele.

Nipe somo la pili, hili la kwanza tumelimeza.

Shemeji yako, kocha kamili

14 Aprili

Shemeji,

Salamu kwako na kwa dada.

Bega la nani?

Shemeji yako

23 Aprili

Shemeji yangu,

Langu.

Habari za kazi? Sisi hatujambo, isipokuwa mimi.

Barua yako nilifungua mbele ya mke wangu, nikaisoma kwa sauti kama ninavyofanya siku zote, maneno ni machache nikamaliza kabla sijavuta pumzi. Dada yako akatazama kamba, akanitazama mimi, akamtazama mtoto wake ambaye ananifika kwenye kifua. Alicheka hadi akakaa chini. Wiki mbili, shemeji! Wiki mbili nimemsifia binti yangu kwa kutembea wima chini ya kamba. Nilimuuliza, "Na wewe kwa nini hukusema?" Akasema, "Baba, ulikuwa umefurahi sana."

Ningeishia hapo kwenye kicheko, lakini kuna jingine.

Nikashusha kamba. Juzi nikaona ni wakati wa kumpima, nikamweka na dada wa zimamoto, raundi mbili nyepesi. Ya kwanza nzuri. Ya pili yule akaanza kumsukuma pembeni, na mimi nikasema moyoni, leo niwe shemeji, leo nilinde. Nikapaza sauti, "Ziba!" Ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka hilo neno tangu nizaliwe. Akasimama.

Alisimama, shemeji. Mikono nusu njia, si juu si chini, macho yako kwangu. Vilevile kama siku ile. Ngumi ikaingia palepale kwenye taya. Bahati mwenzake ana utu, aliuvuta mkono njiani. Hakuna kilichovunjika. Mama yake aliondoka, akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Baadaye nilitaka kumfungua bendeji za mikononi, fundo likanishinda, akajifungua mwenyewe, akaniambia, "Baba, sauti yako inanifunga miguu." Bila hasira. Kama mtu anayekuambia kiatu chako kimefunguka kamba.

Anakuja kwako Jumapili. Nilitaka kumsindikiza, akasema nisije. Na kwenye pambano pia nisije, mpaka aseme. Mpokee. Ana begi la bluu, na anakula sana asubuhi.

Shemeji yako

11 Mei

Shemeji,

Salamu. Mwambie dada mtoto amefika salama, anakula, analala kwenye chumba cha meza ya kukatia na ameshavunja kiti kimoja.

Najua unasubiri. Nitaandika yote.

Saa kumi na moja jioni, mashine zikizimwa, tunasogeza majora ya vitambaa ukutani tunapata sakafu. Nimempima kwa futi kama ninavyompima mteja: urefu wa mkono, bega hadi kiwiko, hatua yake akiwa amesimama tayari. Nimechora kwa chaki. Mstari mmoja ni mahali ngumi ya mpinzani inaishia, mwingine ni mahali ngumi yake yeye inaanza kufika. Kati ya mistari hiyo hapatakiwi mtu kukaa. Ama yuko nje, ama yuko ndani kabisa anafanya kazi anatoka. Amelielewa hilo siku ya kwanza. Wewe ulimfundisha kuingia vizuri, lazima niseme. Anaingia kama wewe, ila yeye sasa anarudi.

Kukwepa kwa kichwa kumekuwa kuzuri. Mkono wa nyuma hauachi shavu. Mafundi wenzangu wanamrushia vifundo vya vitambaa kutoka pande zote, anakwepa, wanacheka. Anawapenda.

Sasa ubaya. Wiki iliyopita nilijaribu. Akiwa katikati ya mistari nikasema "rudi", si kwa nguvu sana. Akasimama. Kwa hiyo si sauti yako peke yake. Ni yangu pia. Tangu siku hiyo nafundisha kwa chaki na kwa kumgusa bega, na chumba kizima kinanisikia nikinyamaza.

Jana akifunga bendeji akaniuliza, "Mjomba, siku ile nani alitangulia kusema?" Nikasema mimi. Akauliza, "Na baba alikusikia?" Nikamwambia hilo si langu kujibu. Akafikiri. Akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Nataka kujua nilisimama kwa sababu gani. Kama ilikuwa bahati mbaya, itanipata tena wakati wowote. Kama ni mtu alifanya, basi si mimi."

Amesema bila jibu hapandi ulingoni. Kupima uzito ni tarehe 19 Juni asubuhi. Hakuomba nikulazimishe, na mimi sikulazimishi. Nakuarifu.

Shemeji yako

17 Mei

Shemeji,

Salamu zangu na za dada yako, na umwambie binti kiti atakilipa kwa jasho.

Barua yako nimeisoma mara sita, mara mbili nikiwa juu ya lifti, jambo ambalo kanuni zinakataza. Vifundo vya vitambaa nimevipenda. Chaki nimeipenda. Hata mimi nimechora mistari hapa chini ya jengo, nimesimama katikati, nikaona kweli hapatakiwi mtu.

Mwambie binti kwamba udhaifu wa yule mrefu ni tumbo. Warefu wote tumbo. Niliwahi kupigana na mmoja bandarini, mrefu hadi mwamuzi alikuwa anamhesabia kwa makadirio. Nikaenda tumbo, tumbo, tumbo, akakunjika kama kiti cha harusi. Mwambie aingie, apige mbili za mwili, moja ya juu, atoke.

Kuhusu swali, nalifikiria. Ni swali zuri. Mtu anaweza kusikia na asisikie, unajua, sikio ni kitu cha ajabu, nimefanya kazi kwenye mashine zenye makelele miaka kumi na tano. Ngoja nilitafakari vizuri nisije nikamwambia mtoto kitu kisicho sahihi.

Anakula? Analala upande gani? Taya anaumwa akitafuna?

Shemeji yako

2 Juni

Shemeji,

Salamu.

Hujajibu. Labda barua imepotea. Yangu au yako?

Siwezi kukaa. Nikikaa mguu unacheza, dada yako ananishika goti kama anashika mlango usipigwe na upepo. Jana nilipanda ngazi ghorofa zote kumi na nne, lifti ikiwa nzima, na mimi mwenyewe fundi wake. Katibu wa mawakili akauliza, "Imeharibika?" Nikasema lifti haijaharibika. Akanitazama akaacha kuuliza.

Andika hata neno moja. Hata kama ni "bega la nani".

Shemeji yako

10 Juni

Shemeji,

Salamu kwako. Salamu kwa mwanangu. Hii naiandika kwa utulivu, utaona mwandiko umenyooka.

Jana niliingia kwenye lifti kuangalia breki, ikanikwamia kati ya ghorofa ya nane na ya tisa. Mimi. Ingekuwa mtu mwingine ningecheka wiki nzima. Nilikuwa na wakili mmoja mzee, mtu wa kimya, ana faili kifuani. Nikaanza kumpigia hadithi za nchi saba kumtuliza. Akasema kwa adabu, "Fundi, naomba tunyamaze kidogo, nasikia vibaya nikiogopa." Tukanyamaza. Nusu saa, shemeji. Sijawahi kukaa kimya nusu saa nikiwa macho. Na kwenye ule ukimya kitu pekee kilichokuwa kinasikika ni ile feni ndogo ya juu. Ikawa inazunguka tu, na mimi nikaanza kujua kwamba nilikuwa najua.

Nilikusikia.

Nilikusikia vizuri kama ninavyomsikia dada yako akiniita jikoni wakati sitaki kwenda. Ulisema "rudi". Niligeuka nikakutazama. Nyuma yako, safu ya mbele, yule mwandishi wa michezo alikuwa anakuandika wewe. Raundi nzima ya kwanza, kila mara mtoto alipokwepa, watu walikuwa wanakunyooshea wewe kidole: angalia anavyolinda, huyo ndiye kocha wake. Binti yangu mimi, damu yangu, anapendeza mbele za watu, halafu wanamtazama mjomba. Hicho ndicho kilichonipanda kichwani. Nikasema "piga" ili isikike juu ya "rudi" yako. Sikuwa namwambia yeye. Nilikuwa nakuambia wewe.

Basi. Hakuna kelele, hakuna sikio, hakuna mashine. Kwa miezi minne mtoto alikunywa supu kwa mrija, na mimi nikiwa namshikia bakuli nasema bahati mbaya, mama, bahati mbaya.

Msomee. Hapana, mpe asome mwenyewe. Akisema hapandi, ni haki yake. Akisema hataki kuniona, mwambie mama yake ataendelea kumpokea, mimi nitakuwa naenda kwenye jengo. Siku ya pambano sema wewe peke yako. Mimi sitakuwepo, hata nyuma ya mlango.

Dada yako amesoma hii. Amekata karatasi ya bahasha mwenyewe, amebandika.

Shemeji

23 Juni

Shemeji,

Salamu kwako na kwa dada. Taya ni zima. Naliweka mbele kwa sababu najua unaruka mistari.

Barua ilifika tarehe 17. Nilimpa, akaenda kuisoma kwenye ngazi. Alirudi ameikunja vipande vinne, akaiweka kwenye kiatu cha mazoezi. Akasema, "Kwa hiyo si mimi." Nikasema si wewe. Akasema anataka mkate. Akala mkate wote.

Tarehe 19 alipima uzito. Tarehe 20 tuko kwenye chumba cha kubadilishia, namfunga glavu, akaniambia, "Mjomba, wewe utashika maji na taulo. Ukifungua mdomo nakushusha." Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Raundi ya kwanza mrefu alitupa mkono wa mbele muda wote. Sindano alikaa nje ya mstari. Chaki haipo, lakini niliuona mstari, na yeye aliuona. Watu walizomea kidogo, walitaka damu. Ya pili akaanza kuingia. Mbili za mwili, moja ya juu, anatoka. Mafundi wangu kumi na mmoja walikuja na sare za kiwanda, walikuwa wanapiga viti.

Ya tatu mrefu alimbana kwenye kamba. Shemeji, ilikuwa palepale, mwili umekaa vilevile, mkono uleule unakuja. Na ukumbi mzima ukapaza sauti. Piga, rudi, ziba, toka, mia tano wanasema mia tano tofauti. Mimi nilikuwa na taulo mdomoni. Niliuma taulo. Nilimtazama miguu tu, nikisubiri isimame.

Haikusimama. Alikunja magoti, ngumi ikapita juu ya nywele, akageuka akatoka upande, na alipokuwa anatoka akapiga moja ya mbavu ambayo mimi sikumfundisha na wewe nadhani hukumfundisha. Halafu akatazama kona. Akaona nimeuma taulo. Akacheka na kinga ya meno iko mdomoni, kitu kibaya kukitazama.

Amepoteza. Majaji wawili kwa mmoja. Walimpa mrefu raundi ya kwanza, ya tatu na ya nne. Ya nne ni haki, alichoka. Hakulia. Alikwenda kumkumbatia mrefu, wakaulizana wanapata wapi viatu vya mazoezi.

Sasa na mimi nina langu. Ningeweza kunyamaza, hakuna ajuaye. Lakini umeandika yako kwa mkono wako, na siwezi kuendelea kuishika kama risiti.

Siku ile ya taya, kabla sijasema "rudi", niliona mkono wa mpinzani umeshuka. Ulikuwa umeshuka wote, hadi kwenye kiuno. Alikuwa amechoka, alikuwa wazi kama duka. "Piga" ndiyo ilikuwa sahihi, shemeji. Niliona, na nikasema "rudi" kwa sababu niliogopa, na kwa sababu ndilo neno langu. Ningenyamaza tu, wewe ungesema lako, angepiga, wangemwinua mkono. Miaka miwili nimekuwa nakuuliza kama ulisikia, ili asipatikane mtu wa kuniuliza kama niliona.

Mtoto nimemwambia kwenye basi la kurudi kutoka ukumbini. Akasema, "Nyie wawili!" Akalala begani kwangu hadi mwisho.

Atafika kwenu Alhamisi.

Shemeji yako

1 Julai

Kwako shemeji,

Salamu zote, na pole kwa taulo.

Nimesoma. Kwanza hao majaji wawili. Ya tatu alibanwa, ya nne amechoka, sawa, lakini ya kwanza! Mtu amekaa nje ya ngumi dakika nzima, hajaguswa, wanampa aliyekuwa anapiga hewa! Basi feni nayo ipewe mkanda. Nilitembea kutoka jikoni hadi mlangoni mara arobaini, dada yako alihesabu.

Halafu nikafika kwenye lako.

Nilikasirika, sitakudanganya. Nilikasirika kwa muda wa kama chai kupoa. Miaka miwili nimelala na "piga" yangu kama mtu aliyelala na jiwe chini ya mto, kumbe ilikuwa sahihi! Nikataka kuita majirani. Nikasimama kabisa, nimeshafungua mlango, niwaambie nilikuwa sahihi. Nikakumbuka nilisema kwa sababu gani. Mimi mkono wake sikuuona kabisa, shemeji. Nilikuwa nakutazama wewe. Nilipatia kama saa iliyokufa inavyopatia. Nikafunga mlango.

Kwa hiyo mimi sikuwa sahihi, na wewe hukuwa sahihi, na mtoto alikuwa na makocha wawili.

Amefika Alhamisi kama ulivyosema. Alinikuta kituoni. Nilikuwa nimepanga hotuba, ndefu, yenye sehemu tatu. Akashuka, akanipa begi la bluu nilibebe, akasema, "Kuna nini cha kula?" Tukatembea. Njiani akanishika mkono, kwenye kiwiko, kama wanavyoshikwa wazee wanaovuka barabara. Sikusema neno hadi nyumbani. Mama yake alidhani nimeugua.

Ana pambano lingine, tarehe 28 Septemba, hapahapa kwetu. Ametoa masharti yake mezani, na hakuna aliyemwomba. Mazoezi anatutaka wote wawili, wewe kushoto mimi kulia, kila siku, tuongee tunavyotaka. Siku ya pambano kona atakaa dada wa zimamoto na ndoo. Sisi tutakuwa safu ya sita, kati ya watu, tumenunua tiketi kama watu. Nikauliza, "Hata kupiga makofi?" Akasema makofi sawa.

Shemeji, safu ya sita sijawahi kukaa. Nimekaa ulingoni, nimekaa konani, nimekaa sakafuni nikihesabiwa. Safu ya sita sijui mtu anaweka wapi mikono. Nikikaa peke yangu nitasimama, nikisimama nitasema, najijua. Nahitaji mtu wa kunishika shati, na awe mtu ambaye na mimi nitamshika la kwake, maana hata wewe na upole wako wote nimekugundua.

Ungeniambia siji, kama ulivyoniambia Machi, ningeelewa. Sitakubembeleza kwa hadithi. Dada yako ameondoa rundo la nguo kwenye chumba cha nyuma, ametandika kitanda, hajaniambia ni cha nani.

Hapa chini nimeacha nafasi. Andika siku utakayofika, urudishe karatasi hii hii. Sitaijaza mimi, sitaweka hata nukta.

Shemeji yako

Nitafika: ........................................